Mzee wa Kanisa na Ini la Mbuzi

Siku ile aliposimama mbele ya kaunta ya bucha ya Gedi, pale Small Heath, Birmingham, Cleopas Kisang alikuwa ananong'ona, na hilo peke yake lilitosha kumshtua Gedi. Mzee huyu alikuwa na sauti ya kanisani hata anapoagiza mbavu.

"Nataka ini la mbuzi," alisema. "Zima. Usilipitishe kisu hata kidogo."

"Na matumbo, mzee? Si huwa nakuwekea?"

"Matumbo ya huku yanaoshwa mpaka hayana maana. Nipe ini peke yake."

Gedi alikuwa mtu wa Garissa, amekulia Eastleigh, na alikuwa amewauzia Wakenya nyama kwa muda mrefu kiasi cha kujua nani anaumwa nini. Aliyatazama macho ya Cleopas, ambayo yalikuwa yameingia umanjano tangu mwaka uliopita. "Lakini daktari amekuruhusu maini kweli?"

"Si mimi nitakayekula."

Hilo lilikuwa kweli, na Cleopas alishukuru kimoyomoyo kwamba hakulazimika kusema uongo. Alipewa ini kwenye mfuko wa bluu, akatoka kwenda kungoja basi la kumrudisha Bordesley Green, akiwa ameuficha ule mfuko chini ya koti kama mwizi wa kuku.

Afadhali tuseme mapema alichokuwa nacho moyoni, maana mwenyewe alichelewa mno kukisema. Cleopas hakutaka ini la kupika. Alitaka kulisoma.

Baba yake, kule ukingoni mwa bonde la Kerio, alikuwa msomaji wa matumbo. Kabla ya posa, kabla ya safari ndefu, kabla ya vijana kwenda kurudisha ng'ombe walioibwa, mbuzi alichinjwa, matumbo yakatandazwa juu ya majani, na wazee wakanyamaza huku mzee Kisang akiinama na kuonyesha kwa ncha ya fimbo: hapa ni nyumba yenu, hapa ni majirani, huu ni ugonjwa, hii ni mvua. Ini alilisoma mwisho kabisa, kama mtu anayepiga muhuri. Cleopas alikuwa mtoto wa kuleta majani, na mtoto wa kuleta majani huona mengi. Alijifunza bila kufundishwa.

Baadaye aliokoka akiwa shuleni, na mambo hayo akayatupa. Tena aliyatupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipokuwa mzee wa kanisa lao la Bordesley Green, lile linalokodi ukumbi karibu na hospitali, hakuna aliyekuwa mkali kama yeye kwa habari za uaguzi. Kuna dada mmoja wa kwaya aliyekutwa akisoma nyota zake kwenye simu, na Cleopas akamsimamisha mbele ya kusanyiko. Dada wa watu alilia mpaka kilemba kikamvuka, na Cleopas hakumhurumia hata kidogo.

Lakini darasa lake la Jumapili alasiri ndilo lililompa jina. Walimu wengine wakifika kwenye sura za kafara katika Torati huzipita mbio, kama mtu anayevuka barabara ya magari. Cleopas alizikalia. Alijua mafuta ya figo yanavyokaa, alijua damu inavyoganda, na aliposema kondoo amefungwa pembeni mwa madhabahu watu walimsikia yule kondoo. Kila mwaka alifika kwenye kile kitambi cha ini, kipande ambacho makuhani waliamriwa wakiondoe na kukiteketeza, na kila mwaka aliuliza kwa nini kitajwe hicho, katika vyote vilivyomo ndani ya mnyama. Ndipo alipowaambia alivyoamini yeye, kwamba mataifa ya jirani waliyasoma maini, kwamba hata mfalme wa Babeli alipofika njia panda alichungulia ini ili ajue aelekeze vita wapi, na kwamba kipande hicho ndicho wasomaji walichokitafuta kwanza.

"Bwana akasema kichomwe," alimalizia. "Ukitoa, toa. Usichungulie."

Watu waliyapenda sana maneno hayo. Wengine waliyaweka kwenye hali zao za WhatsApp.

Sasa ini lililokuwa linaharibika lilikuwa lake mwenyewe. Homa ya ini aliyoambukizwa utotoni ilikuwa imelitafuna taratibu miaka yote aliyokuwa akiendesha basi la jiji, bila kumuuma, na ilipojulikana, ini lilikuwa limekwisha sinyaa. Madaktari wa hospitali ya upande wa Edgbaston walimwingiza kwenye foleni ya kungoja ini la marehemu. Foleni haikusogea. Ndipo Rita aliposema atatoa lake.

Rita alikuwa binti yao wa pekee, aliyepatikana baada ya yeye na mkewe Magdalene kukata tamaa ya kuzaa. Alizaliwa papa hapa Birmingham, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alipimwa kila kilichopimika na kila kipimo kikarudi safi. Wangekata zaidi ya nusu ya ini lake wampe baba yake. Nusu ile na nusu hii, walisema, zingekua tena. Walisema pia, kwa kuwa wanatakiwa kusema, kwamba mara chache sana anayetoa hufa. Cleopas hakusikia kitu kingine baada ya neno hilo.

Alhamisi walikuwa wakutane na mtu wa nje, asiye mfanyakazi wa hospitali, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna aliyelazimishwa. Mbele ya mtu huyo Cleopas alipaswa kusema kama anapokea au hapokei. Asipopokea, madaktari hawakumficha: mwaka ujao asingeuona.

Aliomba. Alifunga, mpaka Denise, muuguzi aliyesimamia shughuli yote ya upandikizaji, akamfokea kwenye simu kwamba mgonjwa wa ini hafungi. Alifungua Maandiko asubuhi na jioni akitafuta mstari wa kumshika mkono. Akapata kimya. Alikijua vizuri kisa cha Sauli, aliyewafukuza waaguzi nchini kote, kisha yeye mwenyewe, Mungu aliponyamaza, akabadilisha mavazi asijulikane na kwenda kubisha hodi kwa mmoja wao. Alikuwa amekifundisha kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimcheka Sauli.

Basi alifika nyumbani na mfuko wake wa bluu. Ilikuwa saa sita mchana. Magdalene alikuwa wodini, kwenye shifti yake ya kuhudumia wagonjwa, na Rita alikuwa shuleni. Alishusha pazia la jikoni, akatandika karatasi ya kuokea juu ya meza kwa kuwa majani hakuwa nayo, akalilaza ini juu yake.

Baba yake alikuwa na masharti mawili. Mbuzi lazima awe amelala nyumbani kwa mwenye shida, ili awajue watu wa hapo. Na msomaji hasomi nyumba yake mwenyewe. Mbuzi huyu alikuwa ametoka shamba asilolijua Cleopas, hakuwa amemjua mtu yeyote wa Bordesley Green, na nyumba iliyosomwa ilikuwa ya msomaji. Cleopas aliyajua yote hayo na bado mikono yake ililigeuza lile ini, na aibu aliyoisikia haikuizuia mikono.

Upande wa juu ulikuwa safi. Alipolipindua, akaona. Chini, pale mishipa inapoingilia, mahali ambapo baba yake alipaita langoni, palikuwa na mkato ulionyooka, umepita katikati ya lango na kuliacha wazi.

Mtu mwingine angesema ni kisu kimeteleza. Baba yake hakukubali neno hilo. Kisu kikiteleza, alikuwa akisema, huko kuteleza nako ni neno, kwa sababu mkono haukutaka. Na lango lililokatwa lilikuwa na maana moja tu, wala haikuwa na ubishi: atakayetoka hatarudi.

Cleopas aliketi. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, akimwona Rita akiingizwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji na ule mlango ukifungwa. Ini lililosomwa likawa baya halitupwi ovyo, huzikwa. Lakini mvua ilikuwa imeanza, bustani imejaa matope, na yeye nguvu za kushika sepetu hakuwa nazo tena. Alilifunga, akalisukuma nyuma kabisa ya friji, nyuma ya maziwa, alizike kesho. Kisha akampigia Denise.

"Nataka umwambie binti yangu kwamba ini lake halifai," alisema.

"Bwana Kisang, ini lake linafaa sana."

"Najua. Nakuomba umwambie halifai. Mwambie mmegundua kitu."

"Rita mwenyewe akija kuniambia hataki, nitamtafutia sababu ya kitabibu na hakuna atakayejua, hata wewe. Hiyo ni haki yake yeye anayetoa. Wewe unayepokea siwezi kukudanganyia mtu. Ukikataa, mwambie kwa mdomo wako."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na kwa mdomo wake alishindwa mpaka kesho yake. Jumanne jioni alimwambia Rita kwa ufupi tu, akiwa amempa mgongo, kwamba ameamua kungoja foleni. Rita aliuliza kwa nini. Akasema amesikia hivyo moyoni. Rita akasema foleni haitamfikia, na yeye Baba anajua hivyo. Akasema Mungu anajua zaidi. Magdalene, aliyekuwa anakunja nguo, aliacha kukunja na kumtazama mumewe kwa muda mrefu. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amejifunza kumtambua Cleopas anapomtumia Mungu kufunga mazungumzo, na hakupenda.

Jumatano Cleopas alilala mchana, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu ugonjwa umzidi. Kilichomwamsha ni harufu ya vitunguu. Alishuka ngazi polepole, akishika ukuta, akafika mlango wa jikoni. Magdalene alikuwa kwenye jiko, anageuza ugali. Rita alikuwa mezani na sahani mbele yake, amekwisha kuanza. Sahani ilikuwa na maini ya kukaanga.

Kwa muda hakuelewa anachokiona. Kisha akaelewa.

"Usile!"

Ilikuwa ile sauti yake ya kanisani, iliyokuwa imempotea tangu mwaka uliopita. Rita alishtuka, uma ukaanguka. Cleopas alivuka jikoni kwa hatua ambazo hakujua bado anazo, akanyakua sahani, akaibana kifuani, na mchuzi ukamchuruzika shatini.

"Baba Rita!" Magdalene alisema. "Una nini?"

"Umelitoa wapi hili?"

"Si kwenye friji? Nimelikuta nyuma ya maziwa. Nikasema leo mume wangu amefikiri, amemnunulia mtoto maini apate damu kabla ya operesheni, maana najua hiyo ya kukataa utaiacha tu. Hata nimekuombea." Alizima jiko. "Kwani lina sumu?"

Cleopas alitaka kusema limeoza. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona Rita akimtazama, ana kipande kingine shavuni hajakimeza wala hajakitema, na hofu aliyoibeba peke yake tangu siku ile ikamshinda uzito. Akaketi, sahani bado iko kifuani, akawaambia. Aliwaambia kuhusu Gedi, kuhusu karatasi ya kuokea na pazia. Aliwaambia kuhusu lango, na mkato, na atakayetoka hatarudi. Alipofika hapo alikuwa analia waziwazi, na hakujaribu kujificha.

Rita alimeza kile kipande. Magdalene aliweka mwiko chini.

"Mzee mzima wa kanisa," alisema taratibu. "Yule dada wa kwaya ulimfanya alie mbele za watu kwa nyota za kwenye simu."

"Najua."

"Na mkato wenyewe ulikuwa wapi? Chini? Hapa kwenye mishipa?"

"Hapo hapo."

Magdalene alishika kiuno. Alitazama dari, kama mtu anayeomba uvumilivu kwa mwenye nao. "Cleopas. Maini yote ya nchi hii yana huo mkato. Ya kondoo, ya mbuzi, yote. Kuna mkaguzi kule machinjioni, analipasua kila moja hapo kuangalia minyoo ndipo aligonge muhuri. Nimekukaangia maini tangu tuje huku, na huo mkato nimeuona kila mara. Wewe ungeuona wapi? Hujawahi kuingia hapa jikoni ila kuuliza chakula kiko wapi."

Siku nyingine Rita angecheka, na kweli mdomo wake ulianza kucheka, lakini ukaacha. Cleopas aliitazama ile sahani. Mkaguzi. Alimwona mtu asiyemjua, amevaa buti za mpira, akipasua maini ya mbuzi mmoja baada ya mwingine siku nzima, na katika kila moja akiandika, bila habari, kifo cha mtoto wa mtu. Alitegemea moyo upoe. Haukupoa. Hofu ilibaki pale pale ilipokuwa, ila sasa haikuwa na kitu cha kuegemea.

"Nitapata jingine," alisema, nusu akijisemea. "Kuna watu wanafuga, huko nje ya mji. Mtu akichinja mwenyewe, kabla ya mkaguzi..."

"Baba." Rita alisema hivyo, halafu akafanya kitu ambacho hakuwa na desturi ya kukifanya. Alisema Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kuvunjika, cha mtu anayekanyaga mawe mtoni, lakini alikikanyaga mpaka ng'ambo. "Hilo jingine, kama ni zuri, utakubali ini yangu?"

Cleopas alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Usijibu kanisa. Jibu mimi."

Akaufunga. Alilitafuta jibu, na alipolipata aliona aibu kubwa kuliko ile ya jikoni, ya pazia lililoshushwa. Asingekubali. Angelipindua lile ini jingine mpaka aone kitu. Hakuwa amekwenda kwa Gedi kutafuta jibu. Jibu alikuwa nalo tangu siku Rita alipojitolea: alikuwa hawezi kuishi kwa kupasuliwa kwa mwanawe. Alichokuwa anatafuta ni mtu mwingine wa kulisema kwa niaba yake, Mungu, au baba yake, au mbuzi.

"Hapana," alisema. "Naogopa, Rita. Naogopa tu."

"Mimi pia naogopa."

"Basi acha!"

"Sitaki kuacha." Alivuta kiti chake karibu. "Wewe ulitufundisha Abrahamu. Kila mwaka, Abrahamu, Abrahamu. Alienda siku ngapi, alibeba kuni, moyo wake ulikuwa namna gani. Mimi nilikuwa mtoto, nilikaa nyuma, nilikuwa nafikiria Isaka. Hakuna mtu alimuuliza, Dad. Alifungwa kamba, hakuna mtu alimuuliza." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na aliyaacha yatoke. "Mimi nimeulizwa. Denise ameniuliza. Daktari ameniuliza. Daktari wa akili ameniuliza, saa moja nzima. Kesho huyo mtu wa nje ataniuliza tena. Kila mtu ameniuliza isipokuwa wewe. Wewe umeuliza mbuzi."

Magdalene alikuja akaichukua sahani kutoka kifuani mwa mumewe, polepole, kama anavyotoa vitu mikononi mwa wagonjwa wodini, akaiweka juu ya meza.

Cleopas alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amewahoji wachumba, amewahoji mashemasi, amewahoji watu wazima mpaka wakaungama, na sasa alikuwa na swali moja dogo tu. Ilibidi alianze mara mbili.

"Rita," alisema. "Unataka kunipa?"

"Ndiyo."

"Na ukifa?"

"Nitakuwa nimekufa," Rita alisema. "Na wewe ukifa na mimi nina ini mzima? Hiyo ulisoma wapi?"

Hiyo hakuwa ameisoma popote.

Alhamisi mtu wa nje alikuja. Aliitwa Davinder, mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa na upole usio na haraka. Alizungumza na Rita peke yake, kisha na Cleopas peke yake, kisha na wote wawili. Alimuuliza Cleopas kama amemshinikiza binti yake kwa namna yoyote. Cleopas akasema amemshinikiza, ndiyo, ila kwa upande mwingine: amefanya kila analoweza ili akatae, na mengine anaona haya kuyataja. Davinder alitabasamu kidogo, akauliza: na sasa, je, unapokea?

"Napokea," Cleopas alisema. Ilimuuma kulisema, na ilimuuma zaidi kuona jinsi mabega ya Rita yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumapili iliyofuata alimwendea yule dada wa kwaya, akamwomba msamaha mbele ya kusanyiko lile lile. Hakueleza sababu zote. Dada alimsamehe kwa kichwa tu, bila neno, na huenda hicho ndicho alichostahili.

Siku ya upasuaji ilipofika, waliwaambia utaratibu. Rita angetangulia. Madaktari wangemfungua kwanza na kuliangalia ini kwa macho yao wenyewe, kwa kuwa picha haziwezi kuonyesha kila kitu. Wasiporidhika wangemshona, na mambo yangeishia hapo. Wakiridhika, ndipo Cleopas angeitwa.

Kwa hiyo Rita aliondoka asubuhi juu ya kitanda cha magurudumu. Alimpungia baba yake kwa vidole viwili, na mlango ukafungwa nyuma yake. Ulikuwa mlango wa kawaida tu, wenye kitasa cha chuma na kioo kidogo. Cleopas aliutazama mpaka Magdalene akamgeuza kichwa kwa mkono.

Wakangoja. Cleopas alikuwa amevaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, na Magdalene, ambaye mwenyewe amewavalisha wagonjwa magauni kama hayo maelfu, alizifunga na kuzifungua kamba zake bila sababu. Nyuma ya kuta zile kulikuwa na watu wameinamia ini la mtoto wao, wanalitazama juu, wanalipindua, wanatazama chini, pale langoni. Cleopas alijua kabisa namna wanavyoinama. Alijikuta anataka kuuliza wameona nini, anataka kuomba ishara hata ndogo, taa iwake, ndege apite dirishani. Aliyashika maneno hayo kwa meno. Badala yake alimshika mkono mkewe.

"Usinifinye hivyo," Magdalene alisema, lakini hakuutoa mkono.

"Ukiniuliza kama ninaamini," Cleopas alimwambia, "leo sijui nikujibu nini."

"Sijakuuliza."

Mwishowe Denise aliingia. Alichuchumaa mbele yao ili macho yao yalingane.

"Wameliona," alisema. "Wanasema ni zuri sana. Sasa wanakungoja wewe. Hawataanza kulikata mpaka niwapelekee jibu lako."

"Jibu langu si nilikwisha kulitoa?"

"Lazima niulize tena. Hii ndiyo mara ya mwisho." Akasita, na uso wake ukalegea kidogo. "Rita aliniachia ujumbe kabla hajalala. Amesema ukibadilisha mawazo sasa, atakuwa amepasuliwa bure, na kovu lake atakuja kulionyesha mbele ya darasa lako kila Jumapili."

Cleopas alicheka. Kicheko kilianza vizuri na katikati kikageuka kikawa kilio, na Magdalene akamshika kichwa akakilaza tumboni kwake, akamwacha alie. Alipoweza kusema, alimuuliza Denise lile swali moja, ambalo alikuwa amelizungusha kote, kwa Mungu, kwa wafu, na kwa mbuzi.

"Atarudi?"

Denise angeweza kumwambia chochote. Alikuwa na takwimu, alikuwa na maneno ya kutuliza watu, ilikuwa kazi yake.

"Nadhani atarudi," alisema. "Lakini sijui, Bwana Kisang. Hakuna anayejua."

Cleopas aliitikia kwa kichwa. Alipanda kitandani mwenyewe, akakataa kushikwa, akajinyoosha chali na kuweka mikono pembeni. Dari ilikuwa nyeupe na haikuwa na alama yoyote. Akafumba macho.

"Nenda kawaambie nimekubali," alisema. "Waambie wamkate mwanangu."